Kochi Lililopakwa Mawese

Kila siku nikirudi shuleni, kazi yangu ya kwanza ni kuteka maji, ya pili ni kuchagua mchele, na ya tatu ni kubishana na Asumani, jirani yetu hapa Rusimbi. Wiki ile tulibishania kochi. Mwalimu mmoja aliyehama alimwachia mama yangu kochi la mbao la watu watatu. Mguu mmoja ulikuwa umevunjika na mito imetoka sponji kama samaki aliyepasuliwa. Asumani alilizunguka mara mbili, akasema kuni zile zingeivisha maharage ya ukoo mzima.

"Utaketi hapa," nikamjibu, "halafu utaniomba radhi."

Sikuwa na mzaha. Wanajumuiya wa kanisa letu husali kila Jumapili jioni nyumbani kwa mmoja wao, kwa zamu. Zamu yetu ilikuwa imerukwa mara mbili. Mama, anayeuza dagaa ufukweni Kibirizi, alitoa udhuru wa safari, na safari yenyewe ilikuwa ya kujifungia chumbani. Tulikuwa na mkeka na ndoo mbili za kupindua, naye aliona haya kuwakalisha watu hapo. Sasa zamu ilikuwa imerudi, zimebaki siku kumi na mbili, na alishaanza kutafuta safari nyingine. Nikamwambia safari hii hatuendi popote.

Nilipiga msasa mpaka vidole vikawa laini kuliko mbao. Mguu niliuunga kwa gundi na kipande cha ubao, mito nikaishona upya kwa kitenge kilichochoka. Ikabaki vanishi. Bei yake dukani ilinifanya nitoke bila kuaga. Lakini jikoni kulikuwa na dumu la mawese, na bibi yangu kule Kagunga hupaka mipini ya majembe mawese, ikang'aa. Kwa nini kochi lising'ae? Nikapaka mara tatu. Likang'aa kama bwana harusi.

Ijumaa mchana, zikiwa zimebaki siku tisa, Asumani akapitia kwetu akielekea msikitini, amevaa kanzu nyeupe pee. Kwa dharau zake akaketi kulijaribu, akajitupa nyuma kwenye mbao za mgongo, akakubali shingo upande kwamba halikuvunjika. Alipoinuka nikaona mistari mitatu ya rangi ya chungwa mgongoni mwake, toka mabegani hadi kiunoni.

Nikisema, Rusimbi nzima itajua kabla ya adhana, na mama atapata sababu ya kuruka zamu. Nikamwacha aende.

Waliosali safu ya nyuma yake walipata taabu ya kuzuia kicheko. Asumani alirudi akiniita kwa jina langu lote, Winfrida binti Bariki, kama karani wa mahakama. Mama alisikia kila kitu. Aliuliza jambo moja tu, kama mistari ile niliiona. Nikakiri. Akaagiza kochi litolewe nje, na mwenyekiti wa jumuiya apelekewe taarifa kwamba hatutakuwepo.

"Mama, kosa ni langu, lakini zamu ni yetu," nikasema. "Hairukwi."

"Utaanzia wapi?"

"Kwa mwenye kanzu."

Baba yake Asumani, Fundi Mwinshehe, huunda maboti ya mbao Kibirizi. Nilimwamkia, nikamweleza yote, hata lile la kunyamaza, nikaomba kanzu nikaifue mwenyewe. Akasema mawese hayakauki. Ubao huyanywa, halafu humtapikia anayeukalia. Hatanifanyia kazi, ila atanielekeza: nisugue kwa maji ya moto, sabuni na majivu, nianike juani siku nne, nipige msasa upya, ndipo nipake vanishi iliyobaki kwenye mkebe wake. Malipo yalikuwa kumfagilia maranda ya mbao jioni tatu.

Kanzu niliifua mara tano. Asumani alisimama pembeni akihesabu kwa sauti kubwa, ili majirani wasipitwe. Siku ya msasa alikuja kucheka, akaona nilivyo polepole, akaninyang'anya msasa, akaanza kusugua mwenyewe.

Jumapili ya zamu yetu walikuja watu kumi na mmoja. Mwenyekiti, Mama Honorata, mwanamke wa miraba minne, alivaa gauni jeupe, na miguu yake ikaelekea moja kwa moja kwenye kochi. Mama alitazama sakafu. Nikasimama mbele.

"Shikamoo, mama. Kochi hili nililipaka mawese kwa kutojua. Tumelisafisha, lakini mkono wake wa kushoto bado unatoa mafuta. Keti katikati, usiuegemee."

Mama Honorata akaketi katikati, taratibu, kochi likalia kidogo, likavumilia.

"Nimekalia misumari kwenye nyumba za watu," akasema, "na hakuna aliyewahi kunionya. Haya, tusali."

Walipoanza kuondoka, mama aliketi pale pale alipokuwa ameketi Mama Honorata.

"Niliogopa watu wataona hali yetu," akaniambia. "Wameiona, na wamesali juu yake. Kukarabati kitu kikuukuu ni kazi ya heshima, mwanangu, hata ukikosea katikati. Ulichokosa wewe ni kumwacha mwenzako aondoke na doa unaloliona. Na mimi nimewadanganya watu hawa mara mbili."

Akajifunga kanga, akatoka kumfuata Mama Honorata kabla hajafika barabarani.