Kilo Nane Kabla ya Sabato

Haya yalimpata rafiki yangu Linda, karani wa kituo cha kununulia majani chai kule Ikonge. Alikuwa akiunganisha rekodi za mizani zilizohifadhiwa mtandaoni na skrini ya grafu, akafungua namba ya mkulima ya marehemu mamake, Msabato ambaye kila Ijumaa alileta kikapu chake cha mwisho kabla ya Sabato kuingia machweo.

Tangu mazishi, chai ya mama haijachumwa. Lakini grafu ilionyesha kilo nane kila Ijumaa, saa kumi na moja jioni.

"Osoro, nani anatumia namba ya mama?" akamuuliza mpimaji wa kituo.

"Hakuna, dada. Saa kumi huwa nishafunga chumba cha mizani."

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na mvua ilikuwa imetia giza. Saa kumi na moja, nyuma ya mlango uliofungwa kwa kufuli, mizani ikalia: tiii. Kilo nane zikapanda kwenye skrini.

"Mama, Sabato inaingia," Linda akasema kwa kwikwi. "Nenda upumzike."

Ndani, kikapu kikasikika kikitua sakafuni, taratibu.