Cartagena Iliyooshwa

Fremu ilikuwa bado imetundikwa ukutani. Picha haikuwemo.

"Nani aliingia humu?" aliuliza Inspekta Mwakio.

"Askari wako," Mzee Jama Ogle alimjibu bila kupepesa macho. "Jana walipekua mtaa huu wote wa Galbet. Hii waliitazama sana, wakasema watarudi. Leo haipo. Sasa niambie wewe nani mwizi."

Lo! Maneno hayo yalimchoma Mwakio. Mwaka huo wa 1966 vita na waasi walioitwa shifta vilikuwa vimepamba moto, Garissa watu wanaishi roho mkononi, na mzee huyu anadai picha! Lakini ataondokaje, askari wake wameshaitwa wezi?

Ujanani Jama alikuwa baharia wa meli za mizigo. Katika bandari za Amerika Kusini alinunua picha kuukuu za miji: Lima, Valparaíso, Bahia. Zilikuwa zimechapwa kwa wino mweusi, kisha watu wa zamani wakazipaka rangi kwa mkono, moja moja. Kumi zilikuwa bado sebuleni. Iliyopotea ilikuwa ya Cartagena, na hiyo ndiyo aliyoipenda kuliko zote.

Mwakio aliigeuza fremu. Misumari ilikuwa imeng'olewa taratibu na kuwekwa yote kwenye kisahani. Askari wake angeivunja tu.

"Nani mwingine anaishi hapa?"

"Binti yangu, Saynab. Mumewe, Bare, mmemfunga ninyi."

Mwakio alijifanya hakusikia. Saynab aliingia na chai. Vidole vyake vilikuwa na hina iliyokolea, lakini chini ya kucha palikuwa na rangi ya buluu.

"Ulikuwa unafanya nini asubuhi, dada?"

"Nafua."

"Unafua nini?"

"Nguo."

"Nguo gani hiyo inayochuja buluu?"

Saynab alificha vidole. Mwakio alimwita Konstebo Alio, aliyekuwa mlangoni, akaangalie uani. Alio alikuta karai la maji ya buluu nyuma ya jiko, na kando yake mkeka. Chini ya mkeka picha ilikuwa imetandazwa ikauke; akaileta ndani, akaiweka mezani.

"Mimi ndiye, Aabo," Saynab alisema, machozi yakimtoka. "Nisamehe."

"Wewe? Kwa nini, mwanangu?"

"Walisema watarudi! Bare alichora visima vitano kwenye karatasi, anionyeshe ngamia watanyweshwa wapi huko Balambala. Wakasema ni ramani ya shifta. Huu mwezi wa tatu yuko kizuizini. Na hii yako ina ngome, ina mizinga! Wangekuchukua na wewe. Siku zote unasema imepakwa rangi kwa mkono, nikadhani nikiosha itatoka yote."

Wallahi, haikutoka yote. Bahari ilikuwa imetoka, na bendera, na mapaa mekundu. Wino wa chapa ulibaki. Kuta, malango na mizinga vilionekana vyeusi kabisa kwenye karatasi tupu.

Alio aliiinua akaikodolea macho. "Afande! Hii si picha. Hii ni ramani!"

Uso wa Mwakio uliwaka moto. Yalikuwa maneno yake mwenyewe, aliyoyasema miezi mitatu iliyopita. Bare alisimama mbele ya meza yake akionyesha kwa kidole: hiki cha ngamia, hiki cha mbuzi, hiki kimekauka. Mwakio alimwelewa vizuri sana. Lakini wiki ile wakubwa walikuwa wanataka watu wakamatwe, naye akatia sahihi.

"Weka chini, Alio," alisema. "Mzee Jama, askari wangu hawakuiba."

"Nimeona." Mzee alikuwa ameinamisha kichwa. "Aibu ni yangu. Nimemletea mwanangu polisi kwa mkono wangu."

"Hapana, mzee. Aibu ni yangu mimi." Mwakio alimgeukia Saynab, akashindwa kumtazama usoni. "Aliyetia sahihi mumeo afungwe ni mimi, dada. Nilijua ni visima."

Saynab hakulia tena. Alilisukuma daftari la polisi lililokuwa mezani mpaka likamfikia Mwakio.

"Basi andika," alisema.

Mwakio alifungua ukurasa mpya. Palipotakiwa jina la mtuhumiwa aliandika lake, na Saynab akasimama pale pale akimwangalia mpaka alipomaliza.