Ngurumo Ikilia, Toka Majini

Kila alasiri mvua ilipovuka mto kuja kisiwani, Lindalva alichukua shuka akafunika kioo cha kabati. Mama yake alimfundisha kwamba kioo huita radi. Akishakifunika, moyo wake hutulia. Binti yake Jandira naye huruka kutoka gatini, akaogelea katikati ya mvua.

Jumapili moja baada ya misa walivuka kwa mashua hadi mji wa Belém, kutazama jumba jipya la sayansi. Lilikaa ukingoni mwa maji, jeupe, limejikunja kama bawa la ndege aliyelala. Ndani, mwanga wa mto ulichezacheza darini, na watu walitembea polepole kama walio ndotoni.

Humo kila kitu hushikwa kwa mkono. Jandira aliweka kiganja juu ya mpira wa chuma. Nywele zake ndefu zikainuka moja moja, zikaelea hewani. Lindalva akafanya ishara ya msalaba.

Socorro, mfanyakazi wa jumba hilo, alimtuliza. Huo ni umeme mdogo, hauumi. Lakini nywele zikisimama hivyo nje, chini ya wingu, radi iko karibu sana. Kimbilia ndani.

"Mimi hufunika kioo, dada," alisema Lindalva.

"Hata bibi yangu alifunika, mpaka tukalala bila shuka. Kioo hakiiti radi, mama. Radi hutafuta kilicho kirefu, na aliye peke yake penye uwazi. Ikipiga maji, husambaa. Huyu mtoto huwa wapi mvua ikinyesha?"

Lindalva alimtazama binti yake.

Socorro akawaeleza taratibu: ukisikia ngurumo, toka majini, usijikinge chini ya mti. Kaa ndani, mbali na dirisha. Ngurumo ya mwisho ikipita, ngoja nusu saa.

Kesho yake ngurumo ya kwanza ilisikika mbali, kama jirani anayeburuta meza. Lindalva alikwenda gatini, akaita.

"Bado iko mbali, mama. Au hujafunika kioo?"

"Kioo kina miguu? Wewe unayo. Toka."

Jandira alitoka akinung'unika. Alikuwa bado anakausha nywele ndani ya nyumba mbingu ilipopasuka. Mti mrefu wa asai, jamii ya mnazi, kando ya gati ulichanika toka kileleni hadi shinani. Moshi ukatambaa juu ya maji, pale pale alipokuwa akiogelea.

Lindalva alimshukuru Mungu kimyakimya. Jandira akalaza kichwa mapajani mwake. Mvua ikapungua, ngurumo zikahamia ng'ambo, ndege wakaanza kulia.

Walizidi kungoja nusu saa iishe. Jandira hakuuliza kwa nini.