Mizinga ya Rangi ya Henrietta

Enzi zile Waingereza na Wafaransa walipokuwa wakiwindana baharini, merikebu ya biashara iitwayo Henrietta ilisifika kwa ukali isiokuwa nao. Ubavuni ilichorwa matundu meusi ya mizinga, safu nzima, ilhali nyuma ya rangi hapakuwa na kitu ila shehena. Wafaransa waliiona kwa mbali wakageuza tanga. Na kila ilipofika Pate, nahodha wake, Harwood, aliuelekezea mji ubavu ule kabla ya kuzungumza bei.

Mkuu wa mabaharia, serahangi Shekuwe wa Faza, alikuwa mtu asiyetulia. Nchi kavu aliitamani bahari. Baharini aliiwaza nchi kavu.

Msimu mmoja wa kusi, Henrietta ilipanda mwamba karibu na Kiwayu. Mawimbi yalizivunja mashua zake na maji yakajaa ngamani, chini kabisa ya chombo. Kulipokucha, mashua za wenyeji zilitokea, zikasimama mbali. Hakuna aliyethubutu kuisogelea mizinga ile. Shekuwe alikwenda omo, mbele ya chombo, akarudi tezi, nyuma, akipunga kilemba, mwili wote ukimwasha kwa haraka. Merikebu ilikuwa ikilia mbao kwa mbao.

Bwana Vae, mwenye mashua ya mbele, alimpigia kelele.

"Mizinga yote hiyo, na bado mwataka kuvutwa kama punda aliyenasa topeni?"

"Ni rangi tu, ami."

"Basi ifute tuone."

Shekuwe akamwomba nahodha ruhusa ya kuupasua ubavu. Harwood alikataa. Siri ikitoka, alisema, Henrietta haitaogopwa tena popote.

"Nahodha, hao wanaotuogopa ndio pekee wa kutuokoa."

Harwood aliwatazama watu wake waliong'ang'ania kamba, midomo imewapauka. Akaenda kuleta shoka mwenyewe.

Shekuwe aliteremshwa kwa kamba, mawimbi yakimbamiza, akalipiga tundu la kwanza. Mbao zikapasuka, likachomoza gora la kaniki, kitambaa cha shehena, likajikunjua hadi majini. Kisha kicheko kikavuma kutoka mashuani, na makasia yakaanza kupiga maji.

Walitolewa wote. Harwood alikuwa wa mwisho, na hakuwa amefika pwani Henrietta ilipokatika mgongo.

Mchangani, Shekuwe hakuketi. Alipita kwa kila mtu akimgusa bega. Harwood alimwita, akamwomba amuulize yule mwenye mashua anaitwa nani. Miaka yote alikuwa akija pwani ile, na hilo ndilo jina la kwanza alilotaka kulijua.

"Vae," Shekuwe akamwambia, bila kwenda kuuliza.

Nahodha akalirudia polepole, hadi akaliweza.