Nyuzi Thelathini na Saba

Ilikuwa Jumatatu ya kawaida, saa nne asubuhi. Mimi ni fundi wa kompyuta katika ofisi ya wachoraji wa majengo, na mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wa mama yetu, alikuwa mchoraji humo humo. Kompyuta yake ilikuwa inachemka. Akiipa mchoro mkubwa, joto la prosesa, ubongo wa mashine, linapanda mpaka nyuzi tisini na tano, kisha mashine inajizima. Nikaifungua. Pesti ya kijivu inayokaa kati ya prosesa na kipoza joto ilikuwa imekauka, nikaikwangua na kupaka mpya. Mdogo wangu alinishikia kipoza joto, lile dude zito la mabati membamba lenye feni. Bati moja likamkata kidole. Tone la damu likadondoka katikati ya pesti.

"Ngoja nifute nipake upya," nilisema.

Bosi alikuwa amesimama nyuma yetu, mikono kiunoni. "Funga hiyo! Mteja anasubiri. Damu ya kidole nayo ni kitu?"

Nikafunga. Ndiyo, mimi, fundi wa miaka kumi na miwili, nilifunga juu ya uchafu. Hilo sijisamehe, na yeye simsamehe.

Mashine ikawaka. Nyuzi thelathini na saba. Mdogo wangu akaipa mchoro wa ghorofa tisa. Thelathini na saba.

"Imepona kabla yangu," alitania, akinyonya kidole.

Jumatano walikuja wageni. Bosi akaamuru mashine ifichwe ndani ya kabati chini ya meza, eti inaharibu sura ya ofisi. Baada ya nusu saa ilisoma arobaini. Mdogo wangu alikuwa analowa jasho, macho mekundu, meno yanagongana. Nikaitoa kabatini. Namba ikashuka, na paji lake la uso likapoa chini ya kiganja changu, sambamba na namba ile.

Sikutaka kuamini. Kesho yake nilijipenyeza nyuma ya meza, nikaizuia feni kwa kalamu. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Alikuwa amenipa mgongo.

"Kaka," alinong'ona bila kugeuka, "acha."

Nikaachia. Akauliza, polepole: "Ikizimwa, itabaki na joto gani?"

Joto la chumba. Ishirini na nne. Na pesti ile haifutiki bila kuizima mashine kwanza.

Usiku mashine zetu huachwa zikimalizia michoro, lakini Ijumaa jioni bosi huzima kila soketi. Nikabandika karatasi kwenye soketi ya mashine ile: USIZIME. Nikamwambia bosi kwa mdomo pia, akaitikia bila kuinua macho. Ijumaa mchana nilimpeleka mdogo wangu kwa mama akapumzike, nikaenda kutafuta betri ya akiba, umeme usije ukakatika. Nilirudi jioni nimeikumbatia. Ofisi imefungwa. Karatasi yangu ilikuwa kwenye pipa la taka nje ya mlango, imefinyangwa.

Nilimpigia bosi. Hapokei. Nikaupiga mlango mateke. Nikatukana matusi ambayo sikujua kama nayajua. Simu ikaita. Mama.

"Mwanangu, njoo. Mdogo wako anapoa."

Daktari alimpima, akamfunika uso. Jumamosi saa saba mchana tulimzika. Wanaoniambia hasira hasara hawajawahi kuzika mdogo wao.

Jumatatu niliingia ofisini kumvunja mtu taya. Bosi alikuwa ameketi kwenye kiti cha marehemu, macho kwenye skrini.

"Pole na msiba," alisema harakaharaka. "Ila mashine umeitengeneza vizuri. Jumamosi nilikuja kumalizia kazi ya mteja, nikaiwasha saa tisa. Ilipanda mpaka thelathini na saba, ikatulia hapo mpaka nilipoizima, saa kumi na moja."

Saa tisa. Saa tisa alikuwa chini ya udongo tuliommwagia kwa mikono yetu.

"Jambo moja tu," aliendelea. "Futa hiki chumba. Sijui nani kakichora."

Kwenye mchoro, katikati ya sebule ya mteja, kulikuwa na chumba. Urefu mita mbili. Upana haufiki mita moja. Hakina dirisha. Hakina mlango. Kimehifadhiwa Jumamosi, dakika moja kabla ya saa kumi na moja, kwa jina la mdogo wangu.