Spika ya Kushoto

Wanaokijua kisa hiki hukisimulia mchana, kwa sababu mambo yenyewe yalitokea mchana, saa nane hivi, wakati watu wameshiba na mtaa umetulia. Usiku nyumba ile ilikuwa salama kabisa. Hilo ndilo lililowapumbaza.

Mwenye nyumba alikuwa fundi saa. Mtaani walimwita Sikio, maana saa ikiletwa inasuasua hakukimbilia kuifungua. Aliibandika sikioni, akafumba macho, kisha akakwambia gurudumu gani limelika. Hakuvuta wala hakunywa. Ulevi wake ulikuwa muziki, na kwa miaka sita alidunduliza ili anunue stereo ya kweli, yenye spika mbili zinazomfika mtu kiunoni, si kile kiredio chake kilichokwaruza kama kuku anayechakura.

Mkewe, karani wa posta, ndiye aliyeshika daftari. Waliketi mezani wakagawa fedha: amplifaya hii, mashine ya santuri hii, spika hizi. Mwenye duka la vyombo vya muziki alikwishamwonya Sikio. "Katika kila kumi, moja iwe ya nyaya, bwana fundi. Si lazima ziwe za kifahari, ila ziwe nene, ziwe shaba tupu, na ya kushoto ilingane urefu na ya kulia. Kamba hukatikia pembamba."

Fungu la kumi likaandikwa daftarini. Kisha Sikio akaenda dukani, akasikiliza spika kubwa kidogo kuliko zile walizopanga, na fungu la kumi likamezwa palepale.

"Na nyaya?" mkewe aliuliza, kalamu mkononi.

"Nitapata za mtumba."

"Si ulisema mwenyewe ndizo mishipa ya chombo?"

"Mke wangu, hata mbuzi ana mishipa."

Mtaa wa tatu kutoka pale, mjane mmoja alikuwa anauza vitu vya marehemu mumewe. Sikio alikuta mviringo wa waya wa spika, mita ishirini hivi, mnene kama kidole cha mtoto, ncha zake zote mbili zimezibwa kwa nta nyeusi. Dukani waya kama ule ungekula fungu la kumi lote na kudai nyongeza. Mjane alitaja bei ya kutupa.

"Marehemu alisema usikatwe," alisema, macho yake pembeni. "Ukae hivyohivyo mzima."

"Kwa nini, mama?"

"Mimi sijui mambo ya umeme, baba."

Spika mbili hazifungwi kwa waya mmoja usiokatwa. Sikio alifika nyumbani, akaupima kwa hatua, akaukata katikati kwa koleo. Ikatoka harufu ya nywele zilizoungua, na hapakuwa na moto. Shaba ya ndani ilikuwa na majimaji, kama jino lililong'olewa sasa hivi. Akaipangusa kwa suruali yake, akakwangua nta ya ncha zile nyingine, akaunganisha.

Muziki ulitoka mzuri hata machozi yakamlengalenga.

Katika nyumba ile aliishi pia mama yake mzazi, ambaye homa ilimziba masikio yote mawili miaka kumi na miwili nyuma. Hakusikia mlango, hakusikia radi. Walisema naye kwa midomo na mikono. Siku ya nne bibi huyo alikuwa ameketi sebuleni akishona kifungo, stereo imezimwa, hata plagi haijachomekwa, pale spika ya kushoto ilipokohoa. Kikohozi kifupi tu, kama cha mgeni aliyesimama mlangoni na hataki kuwashtua watu. Sikio alikisikia. Kilichomshangaza ni kwamba mama yake naye aligeuza kichwa.

"Nani huyo anakohoa?" mama aliuliza.

Sikio hakujua acheke au akimbie. Alikwenda nyuma ya kiti, akapiga makofi, akamwita mama yake mara tatu. Mama hakusikia kofi wala mwito. Alikuwa anaitazama spika ya kushoto, na uso wake umelainika kama wa mtu aliyepata barua aliyokata tamaa nayo.

"Abee," alisema kwa upole.

Tangu hapo ikawa ada yake. Ikikaribia saa nane aliburuta kiti hadi kando ya spika ile, akainamisha kichwa, akasikiliza na kujibu kwa sauti ya chini. Sikio alitaka kuamini kuwa ni heri. Mama ambaye hakusikia kitu kwa miaka kumi na miwili leo anasikia, nani atamnyang'anya? Akajiambia ni mawimbi ya redio, akajiambia ni shaba ile nene. Mtu hujidanganya kwa utaalamu wake kwanza.

Jumanne iliyofuata mkewe alirudi nyumbani mapema. Jioni alimvuta Sikio jikoni, akafunga mlango.

"Leo umeniita ukiwa sebuleni," alinong'ona. "Ulisema, mke wangu, njoo unishikie taa. Nikafungua mdomo niitike. Halafu nikakumbuka nimekupita sasa hivi mezani pako kazini, una lenzi jichoni."

"Labda ulisikia vibaya."

"Ilikuwa sauti yako. Hata ile pumzi unayoivuta kabla ya kusema."

"Uliitika?"

"Nilijiziba mdomo kwa mkono. Mama alikuwa ameketi palepale. Akaniambia, itika tu mwanangu, anaita kwa adabu. Akasema yeye alikwishaitika."

Kupitia mlango uliofungwa walisikia mama akicheka peke yake, na ile harufu ya nywele zilizoungua ikapenya chini ya mlango.

Katika wiki mbili mama alipukutika. Chakula alikiacha kipoe, akisema hawezi kutafuna na kusikiliza kwa pamoja. Wakimpungia mkono mbele ya macho hakuwaona, na midomo yake ilikuwa ikitembea mfululizo, ikirudia maneno ya mtu mwingine nusu dakika baada ya kusemwa. Ndipo asubuhi moja Sikio akajikaza, akapiga magoti nyuma ya spika ya kushoto na kuung'oa waya, na papo hapo mama yake akaanguka kutoka kitini bila kujikinga, mzito kama gunia, damu nyembamba ikimtoka sikioni, kifua kimesimama, huku waya ule mkononi mwa Sikio ukivuta na kuachia, ukivuta na kuachia, polepole, kwa mwendo uleule ambao kifua cha mama kilikuwa kimeuacha, hadi akaurudisha mahali pake, na mama akavuta pumzi.

Alikimbia hadi kwa mjane. Mjane alimtazama usoni, akaketi kwenye ngazi.

"Umeukata," alisema.

"Kuna nini mle ndani, mama?"

"Kuna jini. Alimwita mume wangu miaka mitatu, na mume wangu alikuwa mtu wa kuitika. Bibi mmoja mshona magodoro ndiye aliyemfungia mle, akaziba huku na huku kwa nta, awe anakimbia ncha hadi ncha asipate mdomo. Nilitaka atoke nyumbani kwangu, baba. Nilijua ni vibaya. Nisamehe."

Sikio hakumsamehe wala hakumlaumu. Aliuliza njia ya kwenda kwa mshona magodoro.

Alikuwa mwanamke mzee mfupi, pamba zimemganda nyweleni, sindano ndefu imechomekwa kifuani mwa gauni. Alifika siku ileile na kopo la nta na kijiko cha chuma. Hakuuliza mengi. Alimgusa mama nyuma ya sikio, akanusa kidole, akaomba moto.

"Aliyefungwa mara moja hafungiki tena kwenye shaba," alisema kwa sauti ya chini. "Ameingia kwa sikio la mama yako, naye hatoki mpaka sikio jingine la damu ya mama limkaribishe. Akishavuka tu, mimi naziba mlango. Mama atapona. Lakini sikio litakalozibwa ndiyo basi, mwanangu. Halitasikia tena."

"Kazi ya mume wangu ni sikio," mkewe alisema. "Tutakula nini? Bibi, chukua langu."

"Wewe si damu yake."

"Na mimi ndiye niliyeukata," Sikio alisema.

Ilipofika saa nane alilaza sikio lake la kushoto kwenye kitambaa cha spika. Mwanzoni hakusikia kitu ila mvumo, kama wa kauri kubwa tupu. Kisha kikohozi. Kisha sauti ya mkewe ikamwita, naye mkewe yuko mbele yake mdomo umefumbwa, halafu sauti ya mama yake, ile ya ujana, ya kabla ya homa, halafu sauti yake mwenyewe akiwa mtoto, ikimwita kutoka mahali penye giza na kumwuliza kwa nini amemwacha huko, na zote zilikuwa na adabu, hakuna iliyopaza, hakuna iliyotisha, zilingoja tu, zikipumua pamoja, zikamkaribia kitambo kwa kitambo mpaka akahisi unyevu wa pumzi hiyo ndani kabisa ya kichwa chake, mahali ambapo hakuna mtu anayepaswa kufika.

"Sasa," mshona magodoro alinong'ona.

"Naam," Sikio alisema.

Mama aliporomoka mikononi mwa mkwewe. Mshona magodoro akamgeuza Sikio kichwa, kijiko kikainama, na nta ya moto ikamwagika sikioni.

Sikio alipozinduka, nyaya zilikuwa zimeng'olewa na kuchomwa uani. Mama alikuwa amelala, akikoroma kama mtu aliyetoka safari, kiziwi kama zamani. Mshona magodoro alikuwa anakwangua kijiko chake.

"Amekwenda?" Sikio aliuliza, na sauti yake mwenyewe ikamjia upande mmoja tu.

"Najua hana mlango," bibi alijibu. "Kama yuko nje au ndani, hilo sijui. Usimwitike usiyemwona."

Stereo waliiuza. Muziki wa spika mbili haumfai mtu wa sikio moja. Kazini alijifunza upya, akiziweka saa upande wa kulia, akikosea mara nyingi, wateja wakimvumilia. Nyumbani mkewe aliweka sheria: mtu asimwite mwenzake kutoka chumba kingine, hata nyumba ikiwaka moto. Ukimtaka mtu, nenda alipo umguse bega. Mama alinenepa tena. Miezi minane ikapita, wakaanza hata kutaniana juu ya sheria ile.

Mchana mmoja Sikio alikuwa ameketi dirishani nyumbani, saa ya mteja imefunguliwa mbele yake, kibano mkononi. Mkono ukamgusa bega la kushoto. Mwepesi, wa kizee, wenye subira.

"Naam, mama," alisema bila kuinua kichwa.

Mkono haukuondoka. Sikio akainua macho. Uani, upande wa pili wa kioo, mama yake na mkewe walikuwa wameshika shuka moja lililoloa, kila mmoja upande wake, wakilikung'uta.