Mizizi ya Mikoko ya Bi Hajira

Kila asubuhi Mwanahalima alikwenda kisimani kabla ya shule, na kila asubuhi alichelewa kurudi. Mama yake alidhani ni foleni ya ndoo. Kumbe binti huyo wa darasa la sita alikuwa akisimama barazani kwa Bi Hajira, jirani yao pale Bungu, akimtazama anavyosuka mikeka.

Bi Hajira alizaliwa kwenye delta, mto unapoingia baharini, katikati ya mikoko. Kwa ukindu uliotiwa rangi nyekundu na nyeusi, alisuka mizizi ya mikoko ikishuka majini. Mwanahalima hakuwa akijua kwamba mtu anaweza kuchora kwa majani! Tangu hapo naye akawa anachora mizizi kila mahali: mchangani, ukutani kwa mkaa, nyuma ya madaftari.

Mwaka ule wa 1993, mchoro wake wa mizizi hiyo ulishinda katika maonyesho ya shule, ukabandikwa mlangoni mwa ofisi ya mwalimu mkuu.

"Umeupata wapi urembo huu?" Mwalimu Saadi aliuliza mbele ya darasa.

"Nimeubuni mwenyewe, Mwalimu."

Wenzake wakampigia makofi. Yeye akatazama chini.

Jumamosi alitumwa mafuta ya taa kwenye maduka mapya yaliyokuwa yakichipuka kando ya barabara kuu. Bi Hajira alikuwa ametandaza mkeka wake pale, akingoja wateja. Mzazi mmoja, Mama Zena, akauangalia, akaangua kicheko.

"Bi Hajira nawe! Utu uzima wote huo unaiga mchoro wa mtoto wa shule? Nimeuona ofisini kwa mwalimu mkuu!"

Watu wakageuka. Bi Hajira akafumbua mdomo, macho yake yakakutana na ya Mwanahalima. Akaufumba. Akakunja mkeka, akajitwika, akaondoka.

Mwanahalima alimkimbilia, uso ukimwaka. "Bibi, mbona hukusema?"

"Niseme nini, mjukuu wangu? Nikuumbue mbele za watu?"

Upole ule ulimchoma kuliko kofi.

Jumatatu, wanafunzi wakiwa mstarini, aliomba ruhusa, akasema yote. Wengine walicheka. Mwalimu Saadi akawanyamazisha.

"Kujifunza kwa kutazama kazi ya mtu hakuna ubaya," alisema. "Sote tumejifunza hivyo. Lakini ukimficha aliyekufundisha, unamnyang'anya jasho lake, na unawafanya watu wamwone yeye ndiye mwizi. Mtaje. Kisha nenda ukamwombe radhi."

Mchana, Mwanahalima alimweleza mama yake yote, wakaenda pamoja kwa Bi Hajira. Mama Zena, aliyezisikia habari kwa watoto wa shule, alikuwa amekwisha kupita kuomba radhi. Mwanahalima alipiga magoti, akamkabidhi mchoro, ambao sasa chini yake alikuwa ameandika: Nimejifunza kwa Bi Hajira.

Bibi aliupokea, akauinua kwenye mwanga.

"Nimekusamehe," alisema. "Ila mizizi hii umeikosea. Hivi ndivyo ishukavyo mizizi ya mwembe. Mkoko hausimami namna hii. Kaa hapa nikuonyeshe."

Mwanahalima akaketi. Bado aliona haya kuinua uso, lakini mikono yake ikapokea ukindu.